Ukiambiwa umepunguzwa kazi, usisaini siku hiyo hiyo

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Tuliitwa ofisi ya utumishi mmoja mmoja, sisi wa ghalani kwanza. Mezani kulikuwa na karatasi mbili, na kalamu imeshafunguliwa kifuniko. "Saini hapa, hela yako inaingia Jumatatu." Nina watoto wawili shuleni, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Nikaishika kalamu.

Kilichonizuia ni mstari mmoja: "Nimekubali kuacha kazi kwa hiari yangu." Hiari ipi? Nikaomba niende nayo nyumbani nikaisome. Walinuna, lakini hakuna sheria inayokulazimisha kusaini papo hapo.

Maneno hayo mawili, "kwa hiari", yana gharama kubwa. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, ni la aliyeachishwa kazi, si la aliyeacha mwenyewe. Kwa aliyechangia angalau miezi 18, ni kama theluthi ya mshahara kila mwezi kwa miezi sita. Hiyo ni kodi, ni unga, ni nauli ya kuzunguka kutafuta kazi nyingine.

Usiku ule tukakaa na mke wangu, tukamwaga mezani hati zote za mshahara alizokuwa akizitunza kwenye mkoba wa zamani wa shule. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Mshahara wangu ulikuwa 520,000, yaani 20,000 kwa siku tukigawa kwa siku 26 za kazi. Wao waliandika miaka sita: 840,000. Hati zilionyesha minane: 1,120,000. Miaka miwili ya mwanzo, ya mikataba mifupi iliyofuatana bila kukatika, walikuwa wameiruka. Jumatatu nilirudi na nakala za hati, wakarekebisha.

Kiinua mgongo si malipo pekee. Dai pia notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au mshahara wa siku hizo), likizo ambayo hukuichukua, siku ulizofanya kazi hujalipwa, na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa mbali na hapo unapofanyia kazi, ulizia na usafiri wa kukurudisha.

Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba tulipaswa kushirikishwa mapema. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio lake, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao: sababu ni ipi, kuna njia gani ya kuepuka, nani wataondoka na kwa kigezo gani. Kwetu orodha ililetwa imeshachapwa. Mkiona dalili tu, zamu zinapungua au mashine zinahamishwa, ulizeni kwa maandishi na mbaki na nakala.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Huhitaji wakili kufungua shauri. Unajaza fomu namba moja na mwajiri anapelekewa nakala. Mwenzangu mmoja wa ghalani aliahidiwa kila wiki kwamba "bosi analishughulikia", akasubiri. Alifika Tume siku ya 41. Kabla hata ya kueleza alivyoachishwa, ilibidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa.