Kama Seven Samurai ilikulaza usingizi, niambie kwanza uliangalia kopi gani

Mkuu umegusa kitu ninachokipenda kuliko vyote kwa hiyo nivumilie, hii itakuwa ndefu. Umesema umejaziwa flashi ya zile muvi za zamani zinazosifiwa dunia nzima, ukaanza na Seven Samurai ya Kijapani dakika ishirini ukalala, ukahamia Tokyo Story, nayo ya Kijapani, ukaona wazee wamekaa chini wanakunywa chai tu, na sasa unauliza wanaozisifia wanaona nini na kama kuna maana yoyote ya kutoa hela kununua diski zake. Mi nilianzia hapohapo ulipo wewe, tena pabaya zaidi.

Nimekulia Morogoro, sinema nimeijulia kwenye banda umiza, mikanda ya kutafsiriwa, sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, juu ya picha. Kwangu filamu ilikuwa na steringi, jambazi mkuu na mtu anayenielezea kinachoendelea. Baadaye nikiwa Dar nikanunua Kariakoo DVD moja yenye muvi 16 za samurai, Seven Samurai ikiwemo. Nikaiangalia, picha ya chenga chenga, watu wamefutuka, ikafika mahali skrini ikawa nyeusi, likabaki neno la Kijapani na muziki unapiga, nikajua imeisha. Nikatoa DVD. Kwa miaka kama mitano hivi nilikuwa naamini ile filamu inahusu samurai wanaokuja kijijini, wanawafundisha wakulima kushika mikuki, halafu basi, majambazi wenyewe hawaji. Kumbe yale yalikuwa mapumziko! Filamu ina dakika 207, mwaka 1954 watu wakiwa ukumbini walipewa nafasi ya kutoka wanyooshe miguu, na vita yote iko nusu ya pili. Nilikuwa nimeangalia nusu na hukumu nimeshatoa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi, alikuwa na DVD zake original kabatini. Nilipomwambia Seven Samurai inaboa hakubishana na mimi, alinialika kwake Jumapili, akachukua rimoti na kabla ya kuweka diski akaingia kwenye setingi za tv, akabadilisha kama vitu viwili vitatu hivi, ndipo akaniambia kaa. Nilivyotoka pale ilishaingia usiku na nilikuwa nimekasirika, kwa sababu niliona nimeibiwa kitu miaka yote ile bila kujua.

Sasa nikuambie alichobadilisha. La kwanza ni umbo la picha. Filamu karibu zote za kabla ya miaka ya hamsini na kitu zilipigwa kwa picha inayokaribia mraba, 1.37 kwa 1 (upana ni mara 1.37 ya kimo), wakati flati zetu za sa hivi ni 16:9. Tv ukiiacha ijaze skrini yenyewe, inavuta picha pembeni, mtu ananenepa kwa karibu asilimia 30. Toshiro Mifune, mmoja wa waigizaji wa Seven Samurai, alikuwa mwembamba anarukaruka kama panzi, kwenye kopi yangu alikuwa pipa. Wengine wanabonyeza zuum ili ile mistari myeusi ya pembeni iondoke, hiyo ni mbaya zaidi maana unakata karibu robo ya picha, juu na chini. Na hapa ndipo Tokyo Story yako ilipofia naamini. Ozu, mwongozaji wake, aliweka kamera chini kabisa, karibu na mkeka, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, na kila kitu ndani ya fremu kimepangwa kwa makusudi, birika, mlango, mtu anayepita korido ya nyuma. Ukikata juu na chini unabakiwa na vifua vya watu wanaoongea, lazima ulale. Ile mistari myeusi pembeni iache, sio hasara, hapo ndipo picha ilipoishia.

La pili ni kile kitu cha kulainisha mwendo, kila kampuni ina jina lake, Samsung wanaita Auto Motion Plus, LG wanaita TruMotion, Sony Motionflow. Tv inatengeneza fremu zake (zile picha mojamoja zinazounda mwendo) za uongo katikati ya fremu za kweli. Filamu inapigwa fremu 24 kwa sekunde, na ule mwendo wake ndio unaofanya ionekane filamu. Ukiacha kile kitu kimewashwa, filamu ya 1954 inafanana na tamthilia ya mchana. Zima. Kama tv yako ina Filmmaker Mode, washa hiyo, inazima karibu takataka zote kwa mpigo.

Tukirudi kwenye DVD yangu ya Kariakoo piga hesabu mwenyewe. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Muvi 16 humo ndani, kila moja inapata chini ya MB 300. Toleo la 2006 la Seven Samurai la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa diski za filamu kama hizi, filamu hiyo moja wameigawa kwenye diski mbili, ya tatu ni ya mahojiano na mambo mengine. Unajua kinachopotea? Mvua. Pambano la mwisho linapigwa kwenye mvua na tope, farasi wanaingia kijijini, Kurosawa, mwongozaji wake, aliweka kamera kadhaa kwa pamoja akatumia lenzi ndefu, zile za kuvuta vitu vya mbali, ili uwe katikati yao. Kwenye MB 300 mvua inageuka viboksi vya kijivu, huoni nani kaanguka. Pale kwa yule mzee niliona matone, niliona tope likiruka, nikamuona Kambei, kiongozi wa wale samurai, akivuta upinde ameganda katikati ya mvua. Filamu ileile, jina lilelile.

Kasi nayo ina mambo yake. DVD za PAL, zile za Ulaya, nyingi zinaendesha fremu 25 badala ya 24, kwa hiyo filamu inawahi kama asilimia 4, dakika 207 inakuwa kama 199, na sauti inapanda kidogo. Ukiona dakika zimepungua hivyo usikimbilie kusema imekatwa. Ila kuna kopi zilizokatwa kweli, Seven Samurai yenyewe kwa miaka mingi nje ya Japani ilizunguka ikiwa imepunguzwa vibaya, na kopi za namna hiyo bado ziko kwenye flashi za watu. Angalia dakika kabla hujabonyeza play.

Halafu lugha. Hapa nataka nikusimulie kuhusu mama yangu, maana ndiye aliyenifundisha kuangalia Tokyo Story kuliko kitabu chochote. Mama Kiingereza hajui, alikuja kukaa kwangu kama miezi miwili, jioni moja nimeweka Tokyo Story akaja akakaa pembeni yangu, nikaanza kumtafsiria maandishi ya chini kama tulivyokuwa tunatafsiriwa bandani. Mwanzo nilikuwa najaza kila sehemu kama walivyofanya wale jamaa, pakiwa kimya naweka neno langu. Mama akaniambia acha niwaone. Nikanyamaza. Basi wale wazee wametoka kwao Onomichi, wamesafiri kwa treni kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo, mmoja daktari, mwingine ana saluni, wote wako bize, hakuna mwenye nafasi ya kuwatembeza isipokuwa Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani. Mwisho watoto wanachanga hela wanawapeleka kulala hoteli ya Atami baharini, eti wakapumzike, na kule usiku watu wanacheza na kuimba wazee hawapati usingizi. Asubuhi wamekaa kwenye ukuta wa bahari wawili tu, wanaangalia maji, wanaona bora warudi nyumbani. Mama akasema, "hawajawafukuza, ila wamewafukuza."

Mkuu niliishiwa maneno. Mwaka uliotangulia, mama alipokuja, nilikuwa na mambo mengi kazini nikampeleka kwa kaka yangu Kibaha, nikamwambia kule kuna hewa nzuri. Hakuwahi kulalamika. Na wale wa kwenye filamu hawalalamiki pia, wanatabasamu tu wanasema wanashukuru, na hilo tabasamu ndio unatakiwa ulione vizuri usoni, ndio maana napigia kelele ubora wa kopi, sio ushamba wa vifaa. Kwenye picha ya chenga huoni mtu anatabasamu huku ameumia. Na ile kopi nzuri yenyewe ipo kwa kazi kubwa ya watu, maana negativu ya asili ya Tokyo Story, ule mkanda uliotoka kwenye kamera, ilishaungua zamani, wamelazimika kukarabati kutoka kopi zilizobaki. Filamu tatu za Apu za Satyajit Ray wa India nazo negativu zake ziliunguzwa na moto London mwaka 1993, vipande vilivyoungua vikahifadhiwa, na baadaye mafundi wa Bologna Italia wakavilainisha na kuvikarabati kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka 2015 trilojia nzima ikatoka upya. Nikiweka ile diski nawafikiria wale mafundi.

Sasa kununua. Mi nilishapigwa hapa kwa hiyo sikiliza. Blu-ray yangu ya kwanza niliagiza Marekani, nikasubiri wiki sita, nikalipia ushuru, nimeiweka kwenye deki ikagoma, diski ilikuwa ya rijioni A, yaani imefungwa isome kwenye deki za kanda fulani ya dunia tu. Afrika yote tuko rijioni B, sawa na Ulaya, kwa hiyo Blu-ray za Uingereza zinapiga bila shida kwenye deki iliyouzwa huku, na Criterion wenyewe wanatoa matoleo ya Uingereza tangu 2016. Kwenye DVD mambo ni tofauti kidogo, sisi ni rijioni 5, Ulaya 2, Marekani 1, ila deki nyingi za bei rahisi za Kichina zinasoma zote, yangu nimenunua iliyotumika elfu 35 na haijawahi kukataa DVD. Za 4K hazina rijioni, ila hizo zinataka deki yake na tv yake, usianzie huko. Kama una ndugu Uingereza mwambie akununulie aweke kwenye sanduku akija, dada yangu ndivyo anavyonifanyia. Utaniuliza kwa nini nisiangalie mtandaoni, jibu ni kwamba Criterion Channel, huduma yao ya kuangalia mtandaoni, iko Marekani na Kanada tu, na bando letu unalijua.

Faida nyingine ya diski ambayo flashi haikupi ni ile sauti ya mtaalamu anayeongea juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, kwenye Seven Samurai kuna Michael Jeck, anaongea saa tatu na ushee. Mimi sijasoma chuo cha filamu, chuo changu kimekuwa hicho.

Na usianze na Wajapani kama wamekushinda. Anza na Mandabi ya Ousmane Sembène, Senegal, 1968, dakika tisini tu, imepigwa kwa Kiwolofu, ina rangi. StudioCanal, kampuni ya filamu ya Ufaransa, wameikarabati na diski ilitoka 2021. Mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hundi ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris, anakwenda posta anaambiwa lete kitambulisho, hana. Anakwenda kutafuta kitambulisho anaambiwa lete cheti cha kuzaliwa, hana, tarehe ya kuzaliwa haijui. Huku mtaa mzima umeshasikia ana hela, kila mtu anakuja kukopa, na dukani ameshachukua mchele kwa mkopo. Hii niliangalia na mama pia, na hapo sikuhitaji kutafsiri sana, alikuwa ananitangulia, kila Dieng akisimama dirishani mama anasema sasa watamwambia arudi kesho. Na wanamwambia.

Ukimaliza hiyo ndio urudi Seven Samurai, umbo la picha umeacha la asili bila kuvuta wala zuum, kile kitu cha mwendo umezima, taa umezima, simu iko chumba kingine. Ikifika skrini nyeusi na muziki usitoe diski, kachukue maji. Niandikie hapa tv yako ni aina gani na ya mwaka gani, nikuelekeze hizo setingi zinapokaa.