Mkinuniana wodini, anayeumia ni mgonjwa

Nilipoajiriwa kama muuguzi mkunga kwenye hospitali moja ya wilaya, nilipangwa wodi ya wazazi. Mwezi wa pili haujaisha, nikawa sisemeshani na mama mmoja ambaye alikuwa kazini kabla mimi sijaanza darasa la kwanza.

Chanzo kilikuwa mimi. Alikuwa anazalisha, wanafunzi watatu wamesimama pembeni. Mtoto katoka, kalia vizuri, mama akachukua mkasi akate kitovu. Nikasema kwa sauti, "Mama, siku hizi hatukati haraka hivyo, tunasubiri dakika 1 hadi 3." Nilichosema ndicho kilichomo kwenye mwongozo, kwa sababu damu ile inamwachia mtoto akiba ya madini ya chuma. Lakini nilisema mbele ya wanafunzi, na mzazi anasikia. Hakunijibu. Kuanzia kesho yake shikamoo yangu ikawa haiitikiwi, na mwanafunzi akimuuliza jambo anamwambia, "Muulize mtaalamu yule pale."

Wenzangu wakanishauri nivumilie, eti wazee ndivyo walivyo. Ushauri huo bado wanapewa wengi wanaoanza kazi, nami siukubali. Wauguzi wawili wasiposemeshana, kuna taarifa za mgonjwa ambazo hazitavuka kutoka zamu moja kwenda nyingine. Mimi nilijifunza hivyo usiku mmoja ambao sijausahau.

Tulikuwa na mzazi mwenye kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege: gramu 5 za sindano ya tako kila baada ya saa 4. Dozi ilitakiwa saa 2 usiku, saa ileile ya kupokezana zamu. Yule mama alinikabidhi wodi kwa maneno machache akiwa ameshabeba mkoba, akaondoka. Nafungua chati, nafasi ya saa 2 iko tupu.

Amempa au hajampa? Nisipompa na kumbe hajapata, anaweza kurudiwa na degedege. Nikimpa na kumbe ameshapata, ni gramu 10 kwa mkupuo, na magnesiamu ikizidi inasimamisha pumzi. Nikatafuta dalili za dawa kuzidi. Nikamgonga goti, likaruka. Nikahesabu pumzi, 18 kwa dakika. Mfuko wa mkojo ulikuwa na kiasi cha kuridhisha. Vipimo vyote vizuri, ila havikunijibu swali langu, maana sindano ya msuli huchukua muda kusambaa mwilini.

Namba ya yule mama nilikuwa nayo. Nilikaa na simu mkononi karibu robo saa, sindano iko kwenye treya, kwa sababu tu sikutaka kuanza kumsemesha mimi. Robo saa nzima! Mgonjwa wa watu amelala pale, mumewe yuko nje kwenye benchi. Nilipopiga, mlio wa pili akapokea. "Nimempa, mwanangu. Saa 2 kasoro dakika 5. Nilisahau kusaini."

Siku mbili baadaye nilimfuata wakati wa chai, akiwa peke yake. Nakusihi nawe uchague muda wa namna hiyo: si wodini, si mbele ya wanafunzi, na kamwe si kwenye grupu la WhatsApp la idara. Nilianza na langu. "Mama, siku ile ya kitovu nilikukosea. Sikupaswa kukusemesha vile mbele za watu." Sikuongeza "lakini". Nilinyamaza, naye akanywa chai yake kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Kisha akasema alidhani nimekuja kumwonyesha kwamba muda wake umekwisha. Ndipo nikamwomba jambo moja tu: tukikabidhiana zamu tupite kitanda kwa kitanda, na chati isainiwe kabla mtu hajaondoka. Hizi shutuma za jumla za "wewe huwa unanidharau" hazifiki popote. Taja siku, taja kitanda, taja unachoomba.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa chai, na hapo usijipe moyo wa kuyabeba peke yako. Ukitukanwa mbele ya wagonjwa, ukishikwashikwa, ukitakiwa kusaini dawa ambayo hukuitoa wewe, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, nini kilisemwa, nani alikuwepo. Mpelekee kiongozi wa wodi. Akikaa kimya, nenda kwa matroni au patroni, yaani mkuu wa wauguzi hospitalini, na kama wewe ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mwone kiongozi wa tawi lenu. Dawa usiyoitoa usiisaini hata kama anayekuamuru ana miaka 30 kazini. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina lako, si lake.

Mimi na yule mama hatukugeuka marafiki wa kutembeleana. Shikamoo yangu anaitikia. Tukikabidhiana, tunaanzia kitanda cha kwanza: yeye anasoma chati, mimi naangalia dripu na mfuko wa mkojo. Na mwezi uliopita, akizalisha, alishika mkasi, akaangalia saa ya ukutani, akasubiri. Dakika ilipotimia, ndipo akawaeleza wanafunzi kwa nini.