Kwa nini hesabu ya jua la mchana imenitupa 53° kusini?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Najifunza mwenyewe kutafuta mahali pa chombo kwa jua na nyota, kwa kukokotoa mazoezi. Moja linasema: 21 Juni, chombo kiko karibu na mji wa Zanzibar. Kimo cha juu kabisa cha jua la mchana (pembe yake kutoka upeo wa macho), ukingo wa chini, ni 60°12′. Jicho liko mita 4 juu ya maji, na sekstanti, kifaa cha kupimia pembe hiyo, haina kosa. Nimepata latitudo 53°02′ kusini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umekosea alama moja tu, lakini imekupeleka kwa pengwini.

Mwanzo wako ni safi. Umetoa 3.5′ kwa sababu jicho liko juu ya maji, ukaongeza 15.4′ ili kutoka ukingo wa chini wa jua hadi katikati yake (kupinda kwa mwanga hewani kumehesabiwa humo). Kimo sahihi ni 60°23.9′. Ukitoa hicho kwenye 90°, jua liko 29°36′ kutoka utosini pako. Siku hiyo almanaka, kitabu cha mahali pa jua na nyota kwa kila siku, inaliweka jua 23°26′ kaskazini ya ikweta. Hapo ndipo ulipojumlisha badala ya kutoa.

Kujumlisha mwezi Juni ni sawa kwa baharia wa Ulaya, ambaye jua la mchana huwa kusini kwake, na vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili yake. Sisi jua letu huhama: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Kwa hiyo mimi wanafunzi wangu siwakaririshi kanuni, nawachoresha. Piga mstari wa wima, weka ikweta katikati, jua 23°26′ juu yake. Sasa jiulize: nikiwa Zanzibar mchana huo, nageukia wapi kulitazama? Kaskazini. Basi niko kusini mwa jua kwa 29°36′. Shuka: 23°26′ zinakufikisha ikweta, zinabaki 6°10′. Hiyo ndiyo Zanzibar.

Ukienda kupima kweli, usingoje saa 6:00 kamili. Saa zetu hufuata longitudo ya 45°, na Zanzibar iko magharibi zaidi. Siku hiyo jua hufika kileleni kama saa 6:25. Tena epuka mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Jua linakuwa utosini hasa, linaruka kutoka mashariki hadi magharibi kwa dakika chache, na hata mkono uliozoea hubabaika. Siku hizo pima nyota za machweo. Mazoezi ya Nyota ya Kaskazini yaruke kwa sasa, maana kwetu iko chini ya upeo wa macho.

Jaribu hili: 21 Desemba, mahali palepale, kimo kilichokwisha sahihishwa ni 72°44′, jua liko 23°26′ kusini. Chora kwanza, kikokotoo baadaye. Ukitokea mbali na Unguja, nitumie mchoro, si hesabu.