Maswali ya Wasomaji: Folda Iliyofutwa Bila Kukusudiwa

SWALI: Mshauri, pokea salamu kutoka Ahero. Mimi ni karani katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga, na barua pepe zetu tunazisoma kwa programu ya Thunderbird. Jioni moja nilitaka kufuta tangazo lililoingia kwenye kikasha, nikabonyeza kitufe cha Delete. Kikatokea kidirisha cha kuuliza jambo, nami nikabonyeza Enter bila kukisoma. Kumbe kilichokuwa kimeteuliwa si lile tangazo bali folda ya “Malipo ya Wakulima” iliyo upande wa kushoto. Asubuhi mwenyekiti wetu, ambaye hutumia akaunti hiyo hiyo kwenye kipakatalishi chake mjini Kisumu, alinipigia simu kuuliza folda imekwenda wapi. Je, kuna namna ya kuifunga folda isifutike? Na kwa nini ilitoweka hata kwenye mashine yake, ambayo sikuigusa? — Karani, Ahero

JIBU: Pole sana, karani. Kabla ya kufikiria kinga, tazama kwanza kama folda yenyewe bado ipo, kwa kuwa Thunderbird kwa kawaida haiangamizi folda mara moja, bali huihamishia kwenye pipa la taka linaloitwa Trash. Wengi hulifungua pipa hilo, wakaona orodha ya barua moja moja, wakakata tamaa, ilhali folda iliyofutwa haichanganyiki na barua hizo; hukaa chini ya pipa kama folda ndogo. Bofya mshale mdogo ulio kando ya jina Trash, na ukiiona “Malipo ya Wakulima” hapo, iburute uirudishe mahali pake. Vilevile fungua mipangilio ya seva (kompyuta kuu inayohifadhi barua) ya akaunti yenu ukague kama kuna alama katika kisanduku kinachoagiza pipa limwagwe kila programu inapofungwa. Ikiwa ipo, iondoe leo hii, kwa sababu alama hiyo hulifanya kosa la sekunde moja kuwa hasara ya kudumu.

Kuhusu mashine ya mwenyekiti, chanzo ni utaratibu wa IMAP, ambao Mark Crispin aliubuni mwaka wa 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa shabaha kwamba barua zikae kwenye seva na mtu azisome kutoka kompyuta yoyote. Unachokiona wewe Ahero na anachokiona mwenyekiti Kisumu ni barua zile zile za seva moja. Ulipobonyeza Enter uliipa seva amri, na mashine yake ilipounganishwa ikaitii. Naomba ofisi nzima ilielewe jambo hili, maana nimekutana na makarani wengi wanaoamini kwamba folda inayoonekana kwenye kompyuta mbili ina nakala mbili. Haina. Ikiwa kuna mashine ya tatu ambayo haijawashwa tangu siku ile, ikate kwenye intaneti kabla ya kufungua Thunderbird, kwa kuwa huenda barua hizo bado zimehifadhiwa ndani yake. Ukizikuta, zinakili kwenye sehemu ya Local Folders, yaani folda zinazokaa kwenye kompyuta yenyewe, kabla ya kuirudisha mtandaoni.

Sasa nije kwenye swali lako la kuifunga folda. Ndani ya Thunderbird yenyewe hakuna kufuli la kawaida la kuwekea folda moja. Kidirisha ulichokipita ndicho kizuizi pekee kilichokuwapo, na sikulaumu, kwa maana mkono uliozoea kubonyeza Enter mara mia kwa siku hausubiri macho yasome. Kufuli la kweli huwekwa kwenye seva. IMAP ina nyongeza inayogawa haki za kila folda, na maelezo yake yanayotumika yalichapishwa mwaka wa 2005: haki ya kusoma hutolewa peke yake, ya kufuta barua peke yake, na ya kufuta folda nzima, inayowakilishwa na herufi x, nayo peke yake. Kwa kuwa mwenye akaunti kwa kawaida huwa na haki zote juu ya folda zake, mwombeni fundi anayesimamia seva yenu aunde akaunti nyingine ya kumbukumbu, ahamishie huko folda za miaka iliyopita, kisha awape wewe na mwenyekiti haki ya kusoma tu. Si kila seva inayoukubali mpango huu, ila programu za seva zinazotumika sana, kama Dovecot na Cyrus, zinauwezesha.

Ikiwa fundi hapatikani, ipo njia unayoweza kuitumia mwenyewe leo. Bofya folda ya zamani kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Unsubscribe. Folda itaondoka machoni pako ikiwa salama kwenye seva, na kisichoonekana kwenye orodha hakiwezi kufutwa kwa kuteleza kwa kidole. Utakapoihitaji utairejesha kupitia orodha ya usajili wa folda. Mwenyekiti afanye vivyo hivyo kwenye mashine yake, na mwambieni pia yeyote atakayeshika ofisi baada yenu, asije akadhani kumbukumbu za ushirika hazipo.

Hata hivyo, linalonikalia moyoni zaidi ni nakala iliyo mbali na seva. Kila mwisho wa mwezi teua barua zote za folda ya malipo na uzinakili kwenye Local Folders, ambayo hukaa kwenye diski ya kompyuta yako na haipokei amri kutoka Kisumu wala kwingineko. Hakikisha idadi ya barua katika folda hizo mbili inalingana. Kisha ifunge Thunderbird kabisa, na uinakili folda nzima ya wasifu wake (profile), inamohifadhi barua na mipangilio yake, kwenye diski ya nje itakayofungiwa kabatini. Ukinakili programu ikiwa wazi, unaweza kupata faili zilizokatika katikati. Malipo ya wakulima ni jasho la watu, nayo yanastahili dakika hizo chache.

SWALI: Folda yangu ya “Barua za Wazazi” imetoweka kwenye Outlook, na sikuulizwa lolote. Nilifuta nini? — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, yaelekea hukufuta kitu. Kwenye kipakatalishi, kidole kikigusa pedi vibaya huweza kuiburuta folda na kuiingiza ndani ya jirani yake, na Outlook huihamisha kimyakimya. Kumbuka kichwa cha barua moja iliyokuwamo, uitafute katika kisanduku chote cha barua, nawe utaoneshwa jina la folda ilimo. Fungua pia mishale yote ya orodha, ukianza na folda zilizokuwa juu na chini yake. Usipoipata, tazama ndani ya Deleted Items, pipa la taka la Outlook, na ikiwa hata humo haimo, mwone msimamizi wa mfumo wa shule bila kukawia, kwa sababu Exchange, programu ya Microsoft ya seva za barua, ikiachwa na mipangilio yake ya awali huhifadhi vilivyoondolewa humo kwa siku 14 tu, na katika huduma ya Microsoft ya mtandaoni muda huo hauongezwi kupita siku 30.