Kwa katibu mpya: kupanga saa ya kikao wanachama wakiwa mbalimbali

Hongera kwa kuchaguliwa. Kabla hata hujafungua daftari la mahudhurio, utaambiwa uitishe kikao, na hapo ndipo utakapowajua wenzako. Vikundi vya kuweka na kukopa siku hizi si vya mtaa mmoja: wengi wako Dar na Tanga, mmoja Muscat, wawili London, na kuna yule wa Minneapolis, Marekani, ambaye hakosi kuchangia lakini vikao humpita.

Usiandike kwenye grupu, "Jamani, lini mna nafasi?" Mmoja atasema Jumamosi, mwingine atasema siku yoyote isipokuwa Jumamosi, watatu wataweka dole gumba usijue wamekubali lipi. Halafu atatokea mmoja: "Mimi muda wowote tu, dada katibu." Huyo ndiye wa kumwangalia. Saa ikifika utaambiwa yuko kwenye basi la Dodoma na mtandao unakatika. Mpigie umuulize: Jumapili saa 2 usiku utakuwa wapi?

Saa inayomfaa kila mtu haipo, usijichoshe kuitafuta. Fungua katiba ya kikundi uone akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kihesabike, ni watu wangapi na taarifa itolewe siku ngapi kabla. Kisha tazama ajenda. Kama kuna mkopo wa kujadiliwa, mhazini, mwombaji na wadhamini wake hawawezi kukosa, kwa hiyo waulize hao kwanza, kwa simu. Ukishazijua nafasi zao, weka kura ya WhatsApp yenye nafasi tatu, si saba, na uruhusu mtu kuchagua zaidi ya moja. Andika kabisa: "Kura inafungwa Jumatano saa 3 usiku. Asiyepiga amekubaliana na wengi." Usipoweka mwisho, kura itaning'inia mpaka kikao chenyewe kipite.

Kwenye tangazo andika saa za kila mji, tena kwa namna zote mbili, maana kijana aliyekulia London akiona "saa 2" anaweza kudhani ni saa 8 mchana. Mfano wa mwezi wa Januari:

"Kikao Jumapili. Dar saa 2 usiku (20:00). Muscat saa 3 usiku (21:00). London saa 11 jioni (17:00). Minneapolis saa 5 asubuhi (11:00)."

Tangazo hilo usilinakili mwaka mzima. Dar na Muscat hatubadili saa, wenzetu wanabadili. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Julai kikao hichohicho London ni saa 12 jioni, Minneapolis saa 6 mchana. Katikati ya Machi ndipo panapochanganya: Minneapolis wameshasogeza, London bado.

Halafu kuna ibada. Saa 5 asubuhi ya Jumapili kule Minneapolis huenda mtu yuko kanisani. Ukihamishia Jumamosi, waulize Wasabato kwanza. Muscat mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili mtu ametoka kazini. Ramadhani saa 2 usiku wengi wako kwenye tarawehe. Sogeza hadi saa 4 usiku, ingawa Muscat itakuwa saa 5, au fanya Jumamosi saa 10 jioni kabla ya futari, na wa Minneapolis avumilie kuamka mapema. Mradi asiwe yeye wa kuvumilia kila mara. Mimi huandika nani aliumia safari iliyopita.

Mkishapata saa inayotimiza akidi mara mbili tatu, ombeni iwe ya kudumu, tuseme Jumapili ya pili ya kila mwezi, na kura ibaki kwa vikao vya dharura. Kumbusha usiku wa kuamkia kikao. Saa moja kabla tuma tena kiungo, maana wengine ndiyo kwanza wanakwenda kununua bando.