Ufalme na udikteta ni vitu viwili

Je, nchi yenye mfalme lazima iwe ya kidikteta? Hapana, nchi kuwa na mfalme hakuifanyi iwe ya kidikteta. Kinyume cha ufalme ni jamhuri, siyo demokrasia. Jamhuri maana yake tu ni kwamba mkuu wa nchi harithi kiti. Nani hasa anaamua mambo, hilo ni suala jingine. Angalia Norway, Sweden na Japani: zina wafalme, ila sheria na bajeti zinapitishwa na bunge lililochaguliwa. Katiba ya Japani ya 1947 inasema wazi kuwa mfalme ni alama ya taifa, hana mamlaka ya kiserikali. Korea Kaskazini nayo, ambayo ni ya kidikteta, inajiita jamhuri ya kidemokrasia, tena ya watu! Saudi Arabia usiichanganye na kina Norway, kule mfalme anatawala kweli.