Saa 2 ya Wapi?

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa mtandaoni nilimkosa kwa sababu ya saa. Yuko Ujerumani, anataka kujifunza Kiswahili, basi nikamwandikia kwa Kiswahili: "Somo letu Jumatatu saa 2 usiku." Jumatatu ikafika. Nikakaa chumbani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, feni nimeizima isije ikavuma kwenye simu, jasho linanitiririka, mpaka saa 3. Kimya. Nikajisemea, na hawa ndio tunaoambiwa wanajali muda?

Alfajiri naamka kuswali, nakuta ujumbe wake umeingia saa 10 na dakika 3: "Nipo hapa, mwalimu. Uko wapi?" Masikini! Saa yake ilikuwa inasoma 2 za usiku, ambazo kwa hesabu yetu ni saa 8 usiku wa manane kwao, na huku kwetu saa 10. Aliutoa usingizi wake kwa ajili yangu, na mimi nimeshamsema moyoni.

Tangu siku ile ratiba naiandika hivi: "Jumatatu, saa 2 usiku Tanga, 18:00 kwako." Na hapo bado hujamaliza. Ujerumani wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, wanairudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi chochote. Kwa hiyo wakati wa baridi yao tunawatangulia saa mbili, wakati wa joto saa moja tu. Marekani nao wana siku zao: wanaanza Jumapili ya pili ya Machi, wanarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiwa na wanafunzi pande zote mbili, mwezi wa tatu utakunyoosha. Ziandike siku hizo kwenye kalenda ya ukutani. Ndiyo, ya ukutani, maana simu huisha chaji.

Nimeshafundisha hivi miaka kadhaa, na vijana wa mtaani huniuliza nilianzaje. Wengi wanadhani kinachotakiwa ni kompyuta ya bei mbaya. Mimi nilianza na simu iliyopasuka kioo. Kinachokula pesa ni bando: saa moja ya video inaweza kumeza karibu GB 1, wakati sauti peke yake hula kidogo sana. Basi tunasalimiana kwa video dakika tano, tuonane sura, kisha tunazima kamera na kuendelea kwa sauti. Kwa somo la lugha hiyo ni faida hata kwa mwanafunzi, kwa sababu anasikiliza badala ya kusoma midomo yangu.

Jambo la pili, kubalianeni mapema mtandao ukikatika itakuwaje. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, Afrika Mashariki nzima ikayumba, na hapa kwetu hata ujumbe wa kusema "mtandao hakuna" haukuweza kutoka. Mwanafunzi mmoja mpya akadhani nimekula ada yake nikatokomea. Sasa kila anayeanza namwambia: ukinikosa, somo limehamia kesho yake, saa ileile. Ada yenyewe itajeni kabla ya somo la kwanza. Usione haya, muda wako nao una bei.

Upande wa wanaotafuta kusoma nje nitasema moja tu. Mtu akikwambia umepata nafasi ya masomo ambayo hukuiomba, kisha utume "pesa ya fomu" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, futa. Kijana wa jirani yangu alituma 80,000. Mpaka leo namba ile haipatikani.

Lakini kazi kubwa hasa mimi niliikuta kwingine. Mji wetu una udugu na Eckernförde, kule Ujerumani kwenye bahari ya Baltiki, tangu 1963. Enzi hizo kujuana kulitaka ujumbe rasmi, barua za stempu na tiketi ya ndege. Siku hizi mgeni anaingia sebuleni kwako kwa kubonyeza tu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo; hawa wangu hawaji wala hawaondoki, wanauliza maswali. Mmoja akaniuliza kuhusu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909: "Kutoka kwako ni mbali?" Nikababaika. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, na Vibambani nilikuwa sijawahi kukanyaga. Wiki ile nilipanda bodaboda nikaenda. Usipoujua mji wako, intaneti itakuumbua mbele ya watu.

Kosa langu baya zaidi nililifanyia Deep Sea, sokoni kwa wavuvi. Niliwaahidi wanafunzi kuwaonyesha mnada wa samaki moja kwa moja. Nikafika asubuhi, simu juu, nazunguka natangaza kama mtu wa redio. Mara mkono ukaifunika kamera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kidude kizime kwanza. Unatuuza kwa Wazungu?"

Nikazima. Alikuwa na haki, sikumwomba mtu yeyote ruhusa. Wale jamaa walikuwa kifua wazi, wamechoka, wametoka baharini usiku kucha, na mimi nawarusha kwa watu wasiowajua. Nikabaki pale bila simu, nikamsaidia kubeba beseni, nikamweleza ninachofanya. Akasikiliza, akauliza kama hao wanafunzi wanawajua samaki. Nikasema hawajui hata mmoja. "Basi unawafundisha nini?"

Wiki iliyofuata alikubali mwenyewe, kwa masharti: sura yake isionekane, mikono tu. Akainua samaki mmoja mmoja. Huyu changu. Huyu tasi, usimshike ovyo, miiba yake inauma. Huyu pono, tazama meno. Mjerumani wangu akauliza kolekole wanapikwaje, na mzee akamjibu kwa dakika kumi nzima, nazi, ndimu na yote, mpaka wateja wakaanza kulalamika. Nilimlipa kama ninavyolipwa mimi, kwa muda. Hakuipenda hesabu hiyo. Alitaka kwa samaki.

Juzi nimepita Deep Sea kununua kitoweo, akaniita kwa mbali.

"Mwalimu! Yule mwanafunzi wangu keshajua kumtofautisha changu na tasi?"

"Bado anachanganya, mzee."

"Mwambie kesho aje. Saa 2."

"Saa 2 ya wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa.

"Ya hapa. Saa 3 samaki wameisha."